Tovuti isiyofikika humpokonya mwenye ulemavu siri yake

HUDUMA nyingi ambazo zamani Mkenya alizifuata kwa miguu katika makao makuu ya wilaya sasa zimehamia mtandaoni. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva na ulipaji wa ushuru ni miongoni mwa mambo yanayoshughulikiwa kupitia skrini ya kompyuta au simu. Jukwaa la eCitizen lilianza kazi mwaka wa 2014, na mnamo Juni 30, 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zingepatikana humo chini ya kaulimbiu ya Gava Mkononi.

Kwa mtu mwenye macho mazuri na vidole vyepesi, mabadiliko hayo ni nafuu kubwa. Kwa asiyeona, nafuu hiyo hutegemea iwapo aliyeuunda ukurasa alikumbuka kwamba si kila msomaji husoma kwa macho. Akisahau, mwananchi huyo hana budi kumtafuta mtu wa kumsomea na kumjazia fomu. Humtajia nambari ya kitambulisho, nywila ya akaunti, kiasi cha mshahara, na pengine nambari ya siri ya M-Pesa wakati wa kulipa. Mambo yale yale ambayo benki na kampuni za simu hutuonya kila siku tusimwambie yeyote, yeye hulazimika kumtajia mhudumu wa saiba ambaye hata jina lake halijui.

Huo ndio uzito wa suala la tovuti kufikiwa na watu wenye ulemavu. Wengi hulichukulia kuwa jambo la hisani, kana kwamba ni zawadi anayopewa mtu kwa kuhurumiwa. Ukweli ni kwamba tovuti isiyofikika humnyima mtu habari, kisha ikampokonya siri yake na uwezo wa kujisimamia. Makala haya yanaeleza ufikivu ni nini, kanuni zake zilitoka wapi, makosa yanayotendwa mara nyingi na jinsi ya kuyarekebisha.

UFIKIVU NI NINI?

Tovuti husemwa kuwa inafikika iwapo mtu mwenye ulemavu anaweza kuitambua, kuielewa, kuipitia na kuitumia bila kumtegemea mwingine. Ulemavu unaohusika hapa ni wa aina nyingi. Kuna wasioona kabisa na wale wanaoona kwa shida. Kuna viziwi na wale wenye usikivu hafifu. Kuna ambao mikono yao hutetemeka au haina nguvu za kushika kipanya. Aidha, kuna wenye matatizo ya kusoma, ya kumbukumbu au ya umakinifu.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa takriban asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi, yaani watu 900,000 hivi, wana ulemavu wa namna moja au nyingine. Kati yao, zaidi ya 330,000 walisema wana matatizo ya kuona. Ulimwenguni kote, Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 anaishi na ulemavu mkubwa.

Hata hivyo, wanaofaidika ni wengi kuliko idadi hizo. Mzee ambaye macho yake yamefifia kwa umri huhitaji herufi zinazoweza kukuzwa. Aliyevunjika mkono wa kulia hawezi kutumia kipanya kwa miezi kadhaa. Abiria wa matatu anayesoma simu juani hufurahia maandishi yaliyokoza, naye anayetazama video katika chumba cha kungojea hospitalini bila vipokea sauti hutegemea maandishi yaliyo chini ya picha. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu hupitwa pia na mama mwenye mtoto kigarini na mchuuzi mwenye mkokoteni.

ASIYEONA HUSOMAJE SKRINI?

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba kipofu hutumia kompyuta. Huitumia kwa msaada wa programu ya kusoma skrini, ambayo huyachukua maandishi yaliyo kwenye ukurasa na kuyatamka kwa sauti, au huyapeleka kwenye kifaa chenye vinundu vya breli vinavyopanda na kushuka chini ya vidole.

Programu iitwayo JAWS, iliyobuniwa Marekani na Ted Henter, mhandisi aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari, ilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1989. Mnamo 2006, Michael Curran wa Australia, ambaye ni kipofu, alianza kuunda NVDA, programu inayotolewa bila malipo kwa kompyuta za Windows, na baadaye akaungana na mwenzake asiyeona, James Teh. Kampuni ya Apple ilitia VoiceOver kwenye kompyuta zake mwaka wa 2005 na kwenye simu ya iPhone mwaka wa 2009. Simu za Android zina TalkBack. Kwa hivyo, simu nyingi za kisasa zilizo mikononi mwa Wakenya tayari zina uwezo wa kumsomea asiyeona, hata kama mwenye simu hajawahi kuufungua mlango huo.

Ikumbukwe kuwa programu hizi hazioni picha ya ukurasa kama tuionavyo. Husoma msimbo ulio nyuma yake. Tuseme mwandishi ameandika kichwa kidogo cha habari kwa kukoleza tu herufi na kuziongeza ukubwa. Macho yatatambua kuwa hicho ni kichwa, lakini programu itayasoma kama maneno ya kawaida. Iwapo kichwa hicho kimewekewa alama yake ya kichwa katika msimbo, anayetumia NVDA ataweza kubonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama vile wewe unavyopitisha macho juu ya gazeti ukitafuta habari ikupendezayo. Ukurasa usio na alama hizo humlazimu kusikiliza kila neno kuanzia juu hadi chini.

KANUNI ZILIKOTOKA

Wavuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka wa 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN nchini Uswisi. Mnamo 1994 alianzisha shirika la W3C ambalo hutunga viwango vya wavuti, na mwaka wa 1997 shirika hilo likaanzisha mpango maalumu wa kushughulikia ufikivu. Mwongozo wa kwanza, unaojulikana kwa kifupi kama WCAG, ulichapishwa Mei 1999. Toleo la pili lilitoka Desemba 2008, likafuatwa na toleo la 2.1 mnamo Juni 2018 na la 2.2 mnamo Oktoba 2023.

Mwongozo huo umesimama juu ya nguzo nne. Ya kwanza ni kwamba yaliyomo sharti yaweze kutambuliwa kwa hisi zaidi ya moja. Ya pili, vitufe na viungo vyote viweze kutumiwa, hata na asiyeshika kipanya. Ya tatu, lugha na mpangilio vieleweke. Ya nne, msimbo uwe imara kiasi cha kufanya kazi na vifaa mbalimbali, vya leo na vya kesho. Masharti yake yamegawanywa katika ngazi tatu: A, AA na AAA. Ngazi ya kati, AA, ndiyo inayotumiwa zaidi na serikali na mashirika kama kipimo.

KESI ILIYOAMSHA WENGI

Kabla ya kuyatazama makosa yenyewe, yafaa tukumbuke kesi iliyoonyesha mapema kwamba jambo hili lina nguvu za kisheria. Ilitokea nchini Australia wakati wa maandalizi ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka wa 2000.

Bruce Maguire, mwanamume asiyeona aliyetumia kompyuta yenye kifaa cha breli, aliwasilisha malalamiko Juni 1999 mbele ya tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo. Alisema tovuti ya kamati ya maandalizi ilikuwa na picha zisizo na maelezo, kwamba hakuweza kuifikia orodha ya michezo, na kwamba majedwali ya matokeo hayangesomeka kwa kifaa chake. Kamati ilijitetea kwamba marekebisho yangechukua zaidi ya mwaka mzima wa kazi na kugharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Tume iliwasikiliza wataalamu waliosema kazi ilikuwa ndogo zaidi ya hivyo, na mnamo Agosti 24, 2000 ikaamua kwamba Maguire alibaguliwa. Kamati iliagizwa kurekebisha tovuti kufikia Septemba 15, siku ya ufunguzi wa michezo. Ilitekeleza sehemu tu ya agizo hilo, na baadaye ikaamriwa kumlipa Maguire fidia ya dola 20,000 za Australia.

Funzo la kesi hiyo halijachakaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tovuti iliyojengwa vyema tangu mwanzo haigharimu sana kuifanya ifikike. Kinachokula pesa ni kuibomoa na kuijenga upya baada ya malalamiko. Nchini Marekani, kampuni ya maduka ya Target ilikubali mwaka wa 2008 kutenga dola milioni 6 kumaliza kesi iliyoletwa na chama cha wasioona. Mnamo Oktoba 2019, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa kusikiliza rufaa ya kampuni ya piza ya Domino's, ambayo ilikuwa imeshtakiwa na mteja asiyeona, Guillermo Robles.

MAKOSA SITA YANAYOJIRUDIA

Shirika la Marekani la WebAIM hukagua kila mwaka kurasa za kwanza za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana ulimwenguni. Katika ukaguzi wa 2025, asilimia 94.8 ya kurasa hizo zilipatikana na kasoro zinazoweza kutambuliwa na mitambo. La kutia moyo ni kwamba kasoro nyingi mno ni za aina sita tu, na hakuna hata moja inayohitaji elimu ya juu ili kuirekebisha.

Kosa la kwanza ni maandishi yaliyofifia. Wabunifu hupenda herufi za kijivu juu ya nyeupe kwa kuwa zinapendeza. WCAG husema tofauti ya mwangaza kati ya herufi za kawaida na mandharinyuma yake isipungue 4.5 kwa 1, na herufi kubwa zisipungue 3 kwa 1. Weusi mtupu juu ya weupe mtupu hutoa 21 kwa 1. Zipo programu za bure za kupima uwiano huo kwa sekunde chache.

La pili ni picha zisizo na maelezo. Kila picha ina nafasi katika msimbo, iitwayo alt, ambapo mwandishi hutia maneno machache ya kuielezea. Nafasi hiyo isipowekwa, programu huenda ikamsomea msikilizaji jina la faili, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu usio na maana. Maelezo mazuri husema kile ambacho picha inaongeza kwenye habari. "Picha ya daraja" haisaidii sana. "Wakazi wakivuka mto kwa kamba kando ya daraja lililobomoka" inasaidia. Picha ya pambo tu huachiwa nafasi tupu kwa makusudi ili programu iiruke.

La tatu ni visanduku vya fomu visivyo na majina. Asiyeona husikia tu kwamba amefika kwenye kisanduku cha kuandika, bila kujua kama anaulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa au nambari ya simu. Maneno hafifu yaliyo ndani ya kisanduku hayatoshi, kwani hutoweka pindi mtu anapoanza kuandika. Hili ndilo kosa linalowapeleka wengi kwa mhudumu wa saiba, kwa sababu fomu ndiyo mlango wa huduma.

La nne na la tano hufanana: viungo na vitufe vitupu. Alama ya kioo cha kutafutia, ya nyumba au ya gari la ununuzi hueleweka kwa macho, lakini isipopewa jina katika msimbo, programu husema tu "kitufe". Hali kadhalika, viungo vinavyosema "bofya hapa" au "soma zaidi" havifai. Msomaji asiyeona huweza kuomba orodha ya viungo vyote vya ukurasa. Akisikia "soma zaidi" mara 30 hajui kipi kinaelekea wapi.

La sita ni kutotaja lugha ya ukurasa, na hili linatuhusu sana sisi tunaoandika Kiswahili.

KISWAHILI KINAPOSOMWA KIZUNGU

Mwanzoni mwa msimbo wa kila ukurasa kuna nafasi ya kutaja lugha. Kiswahili hutambulishwa kwa herufi mbili, sw, na Kiingereza kwa en. Programu ya kusoma skrini hutumia alama hiyo kuchagua sauti na kanuni za matamshi. Iwapo ukurasa wa Kiswahili umetambulishwa kama wa Kiingereza, kwa kuwa aliyeuunda alinakili kiolezo bila kukigusa, huenda maneno yetu yakatamkwa kizungu.

Matokeo yake ni kituko. Maneno kama "pole", "wake" na "mate" yapo pia katika Kiingereza kwa maana na matamshi tofauti kabisa, na ndivyo yatakavyotamkwa. Sentensi nzima ikisomwa hivyo, hata bingwa wa lugha hataambulia kitu. Kinaya ni kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha rahisi zaidi kutamkwa na mashine, kwani irabu zake tano hazibadiliki na kila neno huandikwa kama linavyosemwa. eSpeak NG, programu ya bure ya kutamka maandishi inayofungamanishwa na NVDA, ina sauti ya Kiswahili. Huenda sauti hiyo isimfurahishe malenga, lakini inaeleweka. Kinachokosekana mara nyingi ni zile herufi mbili tu.

Pale habari ya Kiswahili inaponukuu kifungu kirefu cha Kiingereza, au kinyume chake, kifungu hicho nacho hutambulishwa kivyake ili sauti ibadilike kisha irejee.

TANGAZO LILILO PICHA

Kuna kosa jingine lililoenea sana humu nchini. Tangazo la kazi, ratiba ya mitihani, orodha ya waliofaulu au notisi ya kukatwa kwa umeme huchapwa, hupigwa mhuri, hupigwa picha, kisha picha hiyo hupachikwa mtandaoni. Kwa programu ya kusoma skrini, hiyo ni picha tu. Hakuna neno hata moja ndani yake. Hali ni hiyo hiyo kwa faili za PDF zilizotokana na karatasi iliyopitishwa kwenye mashine ya skana. Zipo programu zinazojaribu kung'amua maandishi yaliyomo pichani, ila hukosea, hasa kwenye majedwali, mihuri na karatasi zilizokunjamana.

Dawa yake ni nyepesi. Maandishi hayo yalipigwa chapa kwenye kompyuta kabla ya kuwa karatasi. Yawekwe kwenye ukurasa kama maandishi, na picha yenye mhuri iambatanishwe kwa anayetaka kuihifadhi. Afisa anayehofia kuwa tangazo lisilo na mhuri litaghushiwa ajue kwamba kijana asiyeona, mwenye shahada na sifa zote, huenda akaikosa nafasi ya kazi kwa kuwa hakuna aliyemsomea tarehe ya mwisho.

VIZIWI NA WENYE UDHAIFU WA MIKONO

Kwa viziwi, kizingiti kikubwa ni video na sauti zisizo na maandishi. Maandishi yanayotolewa na mashine husaidia, lakini sharti yasahihishwe na mtu, kwani mashine hukosea majina ya watu, ya mahali na tarakimu. Zaidi ya hayo, baadhi ya viziwi lugha yao ya kwanza ni ya ishara, na maandishi ya Kiingereza au Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Katiba ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tovuti inayotoa nambari ya simu pekee kama njia ya mawasiliano humfungia nje kiziwi. Iongeze anwani ya baruapepe au ujumbe mfupi.

Kwa wale ambao mikono yao haina udhibiti mzuri, jambo la msingi ni kwamba kila kitu kiweze kufanywa kwa kibodi. Kitufe cha Tab husogeza mtumiaji kutoka kiungo kimoja hadi kingine, na kile cha Enter huchagua. Ukurasa mzuri huonyesha waziwazi mahali alipo, kwa mfano kwa mstari unaozunguka kiungo. Toleo la WCAG la 2023 limeongeza kwamba sehemu za kubofya ziwe na upana na urefu usiopungua pikseli 24, au ziachane vya kutosha, ili kidole kinachotetemeka kisiguse cha jirani.

Kuna pia suala la muda. Kurasa nyingi za malipo hufungika baada ya dakika chache kwa ajili ya usalama. Anayeandika kwa kijiti mdomoni au anayesikiliza neno moja baada ya jingine huenda akafika ukingoni mlango ukifungwa. Ni vyema aonywe mapema na aweze kuongeza muda.

Hatimaye kuna kapcha, lile fumbo la kuchagua picha za magari au taa za barabarani ili kuthibitisha kuwa wewe si mashine. Asiyeona hawezi kulifumbua. Palipo na fumbo la sauti badala yake, kiziwi asiyeona hubaki nje. WCAG 2.2 inataka mtu aweze kuingia katika akaunti yake bila kutegemea mtihani wa akili au wa kumbukumbu pekee, na aruhusiwe kubandika nywila aliyoihifadhi.

SHERIA ZA KENYA ZASEMAJE?

Kenya haina uhaba wa sheria. Iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mnamo Mei 2008, na Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja teknolojia ya habari, ukiwemo mtandao, miongoni mwa yale yanayopaswa kufikiwa na wote. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari, na haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine zifaazo za mawasiliano. Kifungu cha 35 nacho kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliweka mkazo kwenye majengo, usafiri na mawasiliano ya enzi yake. Kwa mfano, iliagiza stesheni za runinga zitie mkalimani wa ishara au maandishi katika taarifa za habari. Sheria mpya ya 2025 imechukua nafasi yake. Kabla ya hapo, mwaka wa 2022, Kenya ilipata kiwango chake chenyewe kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, kinachotambulishwa kwa nambari KS 2952. Kwa hivyo, ofisi ya umma inayonunua tovuti ina kipimo cha nyumbani cha kuandika katika zabuni yake. Mwanakandarasi asipokifikia, asilipwe kikamilifu.

Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya ufikivu ilianza kutekelezwa Juni 28, 2025, nayo hugusa biashara za mtandaoni, benki na vitabu vya kielektroniki. Kampuni ya Kenya inayowauzia wateja wa huko kupitia tovuti yake haina budi kuisoma.

JINSI YA KUIPIMA TOVUTI

Mhariri, mwalimu mkuu au katibu wa chama cha ushirika anaweza kuipima tovuti yake leo bila kumlipa mtaalamu. Kwanza, aweke kipanya kando na ajaribu kufanya kila kitu kwa kitufe cha Tab na Enter. Pili, akuze ukurasa hadi asilimia 200 na atazame kama maandishi yanapandana au yanatoweka. Tatu, aigeuze skrini iwe ya rangi nyeusi na nyeupe. Iwapo ramani ya matokeo ya uchaguzi haieleweki tena, basi ilitegemea rangi pekee, na haimsaidii asiyetofautisha nyekundu na kijani. Nne, awashe TalkBack au NVDA, afumbe macho, na ajaribu kujaza fomu moja hadi mwisho.

Mitambo ya ukaguzi husaidia, ila haitoshi. Mtambo hutambua kwamba picha ina maelezo. Hauwezi kuhakikisha kwamba maelezo hayo ni ya kweli. Vilevile, msomaji ajihadhari na wauzaji wa programu wanaodai kuwa ukibandika msimbo wao kwenye tovuti, kasoro zote zitatoweka. Mnamo 2025, tume ya biashara ya Marekani iliiagiza kampuni moja ya aina hiyo, accessiBe, kulipa dola milioni 1 kwa madai kwamba iliwapotosha wateja kuhusu uwezo wa bidhaa yake.

Kipimo bora zaidi ni kuwaalika watu wenye ulemavu wenyewe waitumie tovuti kabla haijazinduliwa, na kuwalipa kama wanavyolipwa wataalamu wengine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

KAZI YA NANI?

Ni kawaida kulitupa jambo hili mikononi mwa mafundi wa kompyuta. Bila shaka wao wana sehemu yao, hasa katika fomu, vitufe na mfumo wa malipo. Lakini maelezo ya picha huandikwa na anayeipachika. Vichwa vya habari huwekwa na msanifu. Maneno ya viungo, lugha nyepesi na maandishi ya video ni kazi ya waandishi na wahariri. Mafundi huikamilisha tovuti siku moja wakaenda zao; waandishi huijaza kila siku, nao ndio wanaoweza kuiharibu au kuitengeneza kwa kila habari wanayoiweka.

Serikali inapozidi kufunga madirisha ya kuhudumia watu ana kwa ana na kuwaelekeza mtandaoni, swali la kuiuliza ofisi yoyote ni jepesi: je, mwananchi asiyeona anaweza kuingia katika akaunti yake, kujaza fomu, kulipa na kutoka, bila mtu mwingine kuijua nywila yake? Jibu likiwa la, basi ofisi hiyo haijamhudumia. Imemwelekeza tu kwa mtu mwingine amwambie siri zake.